Kila Mji na Namna Yake ya Kujitaja

Hotuba kwa vijana wanaojiandaa kusafiri, Majengo, Mombasa

Assalaam aleikum. Kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kina mama mliokuja na watoto wenu, nimewaona, na neno lenu lipo. Na nyinyi vijana wenye pasipoti mpya mifukoni, karibuni.

Walionialika wamenitaka nizungumze juu ya maisha ya ng'ambo. Wenzangu waliotangulia wamegusa mikataba, mishahara, baridi na namna ya kutuma pesa nyumbani. Mimi nimebakiwa na muda mpaka adhana ya alasiri, na nitautumia kwa jambo moja ambalo maajenti hawaliweki kwenye orodha yao: kupotea. Kupotea kitabia tumewaachia masheikh na mapadri. Nasema kupotea njia tu. Umeshuka kwenye basi, giza limeingia, kila nyumba inafanana na mwenzake, na chumba unacholala hujui kiko upande gani.

Kwa asiyenijua, mimi mtoto wa hapa hapa, nimekulia Mwembe Kuku. Niliendesha matatu za Kisauni, kisha majaaliwa yakanipeleka London, na huko nikaishia kwenye usukani tena, safari hii wa basi jekundu la ghorofa mbili. Dereva wa basi kule huulizwa njia kuliko askari. Umekaa nyuma ya kioo, mlango unafunguka, mtu anapanda, na badala ya kugusisha kadi anakuonyesha karatasi: samahani, hapa ni wapi? Nyuma yake kuna foleni ya watu wanaowahi kazini na mvua inawanyeshea. Una nusu dakika ya kumsaidia. Katika hiyo nusu dakika nilikuwa naona wazi kama mtu huyu atafika au hatafika, na Kiingereza chake hakikuwa na uzito sana katika hilo. Kilichokuwa na uzito ni kama ameshajua mji ule unavyojitaja.

Kila mji una namna yake ya kutaja mahali. Wetu una yake, na tumeizoea hata hatuioni. Mwambie mtu wa Mombasa akuelekeze kwake. Atakwambia: panda matatu, mwambie makanga akushushe Mwembe Tayari, vuka, ingia ile njia ya msikiti, ukimwona muuza kahawa muulize kwa kina Fulani, atakuonyesha. Hapo hakuna nambari hata moja. Ukimwomba anwani ya kuandika atakupa S.L.P., na sanduku lenyewe liko Posta, Digo Road, wala si kwake. Na bado unafika! Unafika kwa sababu anwani zetu wamezibeba watu. Makanga anayo, muuza kahawa anayo, watoto wanaocheza mpira kichochoroni wanayo. Mgeni akianza kutafuta mwembe wa Mwembe Tayari atachoka bure. Mwenyeji hahitaji kuuona mwembe ili ajue amefika.

Halafu tunayo kibla. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa, kwa hivyo misikiti yetu, ya Mji wa Kale kama ya Kisauni, imeelekea huko huko. Hata asiyesali, kwa kuishi tu jirani na msikiti, anajua kaskazini ni wapi bila ya dira. Jua nalo linachomoza upande wa bahari kuu, na mwaka mzima saa yake ya kuchomoza haisogei hata kwa saa moja. Tena tuko kisiwani. Ukitembea sana utakutana na maji, na ukikutana na maji utauliza feri iko wapi, au daraja la Nyali, au Makupa. Kisiwa hakimwachi mtu apotee mbali.

Mmewaona watalii Kibokoni? Mzungu ana ramani mkononi, anaizungusha, anaangalia ukuta, anairudia ramani. Ramani yake ina majina, vichochoro vyetu vina watu. Mwishowe mtoto mdogo anamshika mkono na kumtoa mpaka Fort Jesus. Nilipokuwa kule nilicheka nikikumbuka: yeye hupotea kwetu kwa sababu ana ramani, sisi hupotea kwao kwa sababu hatuna.

Basi mtu huyu aliyezoea kuongozwa na watu, bahari, kibla na jua, anatiwa kwenye ndege, na kesho yake anatokea Heathrow mwezi wa Desemba.

Jua la Desemba kule linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote linakwenda chini chini upande wa kusini, halipandi juu ya kichwa, na siku nyingi hata hulioni kwa mawingu. Juni ni kinyume: linazama baada ya saa tatu usiku, na mtu mzima anajikuta bado yuko barabarani akidhani ni wakati wa magharibi ya kwetu. Kibla nayo imehama, kutoka London Makka iko kusini mashariki. Iko misikiti kule ambayo asili yake ni nyumba au duka. Ukiingia unakuta mistari ya zulia imekwenda mshazari, haifuati kuta, kwa kuwa aliyejenga nyumba ile hakuwa na habari ya Makka. Utasali vizuri, lakini ukitoka mlangoni kichwa bado kinaamini ulikuwa umeelekea kaskazini, na unakata kona isiyo yako.

Bahari haipo. Upo mto Thames, na wageni wengi hujaribu kuutumia kama tunavyotumia bahari. Mto ule umepindapinda. Penye daraja la Westminster maji yanatoka kusini kwenda kaskazini, kwa hivyo ukivuka ukiamini unakwenda kusini, kumbe unaelekea mashariki, na wenyeji wenyewe ng'ambo ile wanaiita kusini. Mimi niliacha kuutegemea mto.

Sasa mji ule unajitaja vipi? Kwa nambari ya nyumba, jina la mtaa, na juu ya yote postikodi, yaani herufi na nambari ambazo posta imelipa kila eneo. Jina la mtaa peke yake halikufikishi popote. Kuna Church Road chungu nzima, Victoria Road chungu nzima, Station Road usiseme, maana London ni vijiji vingi vilivyomezwa na mji mmoja na kila kijiji kilikuja na majina yake. Aliyekuja dirishani kwangu na "Church Road" nilimtazama tu kwa huruma. Aliyekuja na herufi na nambari zake nilimjibu kabla hajamaliza.

Zile herufi za mwanzo zimetokana na pande za dunia: E ni mashariki, N kaskazini, SW kusini magharibi. Posta iliugawa mji namna hiyo miaka ya 1850, na nambari zikaongezwa 1917. Hapo kwenye nambari pana mtego. Nambari 1 ni ya eneo lililo karibu na katikati, lakini kuanzia 2 zimefuata alfabeti ya majina ya vitongoji, hazikufuata ujirani. E3 ni Bow, si mbali na katikati ya mji. E4 ni Chingford, huko ukingoni karibu na msitu. Kijana anapata kazi E3, anaona chumba cha bei nafuu E4, anashukuru Mungu kwamba atatembea kwa miguu. Jumatatu alfajiri atajua.

Niwape kisa kimoja. Jioni moja niko nyumbani, siku yangu ya mapumziko, simu inalia. Ni binti wa Likoni, ndiyo kwanza amefika London, amealikwa chakula na Wakenya wenzake Edgware Road, pale penye mikahawa ya Waarabu.

"Ami, nimefika lakini siwaoni."

"Uko wapi mwanangu?"

"Edgware."

"Mbele yako kuna nini?"

"Kuna mabasi mengi, na mti mkubwa umepukutika majani."

"Mti niachie. Mlipofika, walishuka wote kwenye treni au baadhi?"

"Wote, ami. Wamesema mwisho."

Nikakaa chini. Edgware na Edgware Road ni mahali pawili. Edgware ni mwisho wa reli, kaskazini huko. Edgware Road iko katikati ya mji, na baina yao ni zaidi ya kilomita kumi. Barabara yenyewe imenyooka tangu enzi za Warumi, inaanzia Marble Arch na inakwenda mpaka Edgware, ndiyo ikapata jina. Mtu wa Bamburi akikwambia yuko Barabara ya Malindi, hutamfuata Malindi. Lakini hilo unalijua kwa sababu wewe ni wa hapa. Na kama hiyo haitoshi, hata ukishafika Edgware Road kuna vituo viwili vya treni vyenye jina hilo hilo, havikuunganishwa, unatoka kimoja unatembea barabarani mpaka kingine. Wenzake wangeweza kumngoja kimoja naye akasimama kingine.

Nilimwambia asitoke nje ya kituo. Asimame penye mwanga, karibu na mfanyakazi wa reli mwenye sare. Awapigie wenyeji wake, na asiwaulize "mko wapi", kwa sababu watamjibu "Edgware Road" na tutarudi pale pale. Awaombe postikodi, waiandike kwa ujumbe. Wakamtumia, inaanza na W2. Akamwonyesha yule mfanyakazi, akapangiwa treni na mahali pa kubadilisha. Alifika wali umepoa, lakini alifika, na tangu siku hiyo mtu akimwalika popote swali lake la kwanza ni postikodi.

Niguse kidogo na ramani, kwa kuwa mtapewa bure na mtaziamini. Ile ya treni za chini ya ardhi aliichora Harry Beck mwaka 1931, ikachapishwa 1933. Alikuwa mchoraji katika ofisi ya ishara za reli. Alichofanya ni kunyoosha mistari na kusawazisha nafasi baina ya vituo, akijua kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja na umbali, ana haja ya kujua abadilishe wapi. Kazi safi sana. Ila usiitumie kutembea. Leicester Square na Covent Garden utaona ni vituo viwili ukadhani ni safari. Kwa miguu ni dakika chache, na aliyetembea atamtangulia aliyeshuka ngazi kungojea treni. Kwenye vijia vya miguu nako kuna nguzo za ramani, zimesambaa mji mzima. Zile hazikuweka kaskazini juu. Kilicho mbele ya uso wako ndicho kilicho juu ya ramani. Simu yako kwa kawaida inaweka kaskazini juu. Unaziangalia zote mbili zinapingana, unaanza kuilaumu simu.

Na msidhani wenyeji wanaijua London. Wanajua njia ya kwenda kazini na ya kwenda dukani. Wanaoijua ni madereva wa zile teksi nyeusi, na hao hufanya mtihani uliokuwepo tangu 1865: mitaa kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya mji, yote kichwani. Huwachukua miaka mitatu, minne. Nilikuwa nawakuta Jumapili asubuhi nikiwa zamu, kijana yuko juu ya pikipiki ndogo, mbele ya usukani amefunga ubao wenye karatasi ya njia ndani ya plastiki, anasimama kila kona, anataja majina kwa midomo tu, anaondoka. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa University College London walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linaloshughulika na mahali na njia, ni kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine, na aliyeifanya kazi miaka mingi zaidi ndiye mwenye kubwa zaidi. Nawaambia haya ili aliyeko London mwezi mmoja asijione mjinga kwa kutojua anakokwenda. Mji ule unaingia kichwani kwa miguu na kwa miaka.

Najua wengi wenu hamwendi London. Nyoosheni mikono. Doha? Dubai? Riyadh? Naam. Na Ujerumani, tangu serikali zetu mbili ziwekeane saini Septemba 2024, naona mikono imeongezeka.

Wa Doha, wenu ni mwepesi kuliko wote. Majengo yana kibao cha buluu chenye nambari tatu: ya eneo, ya mtaa na ya jengo. Ukizijua tatu hizo, dereva yeyote anakufikisha, hata kama hamsikilizani lugha. Siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku, toka nje ukipige picha kibao hicho. Dubai, mlangoni mwa jengo tafuteni nambari ya Makani, tarakimu kumi, ukimpa mtu hiyo umempa mlango wenyewe. Saudia kuna anwani fupi, herufi nne na tarakimu nne. Jambo jingine la Dubai ni kwamba barabara kama Sheikh Zayed Road huvuki kwa miguu ukitaka. Unaona jengo liko mbele yako, unaweza kusoma maandishi yake, na kulifikia ni mpaka utafute daraja la stesheni ya metro. Ukikimbia katikati ya magari, ukisalimika magari hutasalimika faini. Na joto la Agosti haliruhusu kupotea kwa miguu. Ingia dukani, ingia stesheni, kaa penye baridi, kisha ndiyo ufikirie.

Wa Ujerumani nisikilizeni vizuri. Berlin ina barabara za zamani, Kurfürstendamm ni mojawapo, ambazo nambari za nyumba hupanda upande mmoja mpaka mwisho, halafu zinarudi kwa upande wa pili. Kwa hivyo mkabala na nyumba ya nambari ndogo unaweza kukuta nambari ya mamia, na ukivuka kutafuta "inayofuata" umekwisha. Kibao cha mtaa kwenye kona mara nyingi kimeandikwa nambari za nyumba zilizo katika kipande kile. Kisomeni chote, msiishie kwenye jina. Halafu kuna hili: nyumba za kupanga kule kwa kawaida hazina nambari ya fleti. Kengele ya mlangoni ina jina la ukoo, na sanduku la barua lina jina la ukoo. Jina lako lisipokuwepo pale, barua ya benki hairudi tu, inarudi na mambo yako. Mgeni anayekutafuta atafika mlangoni, atasoma majina ya watu wote, na wewe hutakuwemo. Mwenye nyumba akikupa ufunguo, siku hiyo hiyo muulize jina langu linabandikwa lini.

Kuna anayekwenda Japani? Mmoja, nyuma kabisa. Mwanangu, Tokyo mitaa mingi haina majina. Wanaita vitalu kwa nambari, na nambari za nyumba mara nyingi huzunguka kitalu, hazifuati mtaa. Lakini kila kitongoji kina kituo kidogo cha polisi kinachoitwa koban, na kuelekeza waliopotea ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, wana ramani ukutani. Wewe utakuwa sawa kuliko unavyofikiri.

Sasa simu. Naona kuna waliokuwa wakitabasamu muda wote huu, wanasema moyoni, mzee huyu hajui kwamba simu inatuongoza. Naijua, na nisingeiacha nyumbani. Lakini betri ya simu ikipigwa na baridi kali hulegea, inaonyesha ina chaji kisha inazima mkononi mwako. Kati ya majengo marefu ishara za setilaiti zinagonga kuta, na ile nukta ya buluu inaruka inakuweka mtaa wa pili. Chini ya ardhi hakuna setilaiti kabisa. Laini yako ya Kenya nayo ukiwasha data kule utalia. Pakua ramani ya mji kabla hujaondoka, ili ifunguke bila mtandao. Na anwani iandikwe kwenye karatasi, kwa kalamu, ikae mahali pasipo na pesa. Karatasi haizimi.

Lakini kubwa kuliko simu ni aibu. Sisi watu wa Pwani tuna heshima, na heshima ikikaa mahali pasipo pake inamfanya mtu azunguke saa nzima kwenye baridi badala ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, tunasema tukiwa barazani. Mbele ya mgeni aliyevaa suti anayekwenda mbio tunanyamaza. Nimewaona abiria waliopita kituo chao, nikawaona kwenye kioo, wameinamisha vichwa, wakaenda nami mpaka mwisho wa njia. Mwisho wa njia ndiyo walisimama.

Kuuliza kwenyewe kule kuna utaratibu. Hapa unaanza na salamu, habari za nyumbani, ndipo unafika kwenye haja. Kule samahani moja inatosha, kisha haja, kisha shukrani. Wala asikuvunje moyo akijibu kwa maneno matatu, hajakutukana. Usimuulize anayetembea haraka. Muulize aliyefungwa na kazi mahali pamoja: dereva wa basi lililosimama, mwenye duka, mlinzi, muuza tiketi. Hawa wanakijua kipande chao, na hawana haja ya kukupeleka popote. Anayekuja mwenyewe kukuambia twende nikuonyeshe, mshukuru ubaki penye watu. Na ukienda kupanda basi, muulize dereva kwa kutaja unakokwenda kabla hujakaa, kwa sababu steji moja kule ni pande mbili za barabara, jina ni moja na mabasi yanakwenda mbali na mwenzake. Juu ya kibao kuna herufi, K au M au nyinginezo, na ndiyo inayotofautisha.

London basi halichukui pesa taslimu tangu 2014. Ukiwa umepotea usiku, kadi haina kitu, usijifiche gizani. Mwambie dereva ukweli. Tulielekezwa kwamba mtu aliye hatarini haachwi njiani.

Kuna msemo, kupotea njia ndiyo kujua njia. Ni wa kweli kwa mwenye koti zito, chaji na siku ya mapumziko. Mwenye hayo ningemshauri apotee kwa makusudi: Jumamosi mchana, ashuke steji mbili kabla ya kwake, amalizie kwa miguu, na wiki inayofuata steji tatu. Ndivyo nilivyojifunza vitongoji ambavyo basi langu halikupita. Lakini dada anayekwenda kufanya kazi ya nyumbani Uarabuni, msemo ule haumhusu. Yeye huenda akawa haruhusiwi kutoka, na siku atakayotoka inaweza kuwa ni siku ya dhiki. Kwake kujua mahali alipo ni ulinzi. Dada zangu, mkiingia nyumba ile, anwani iwe ndiyo kitu cha kwanza mnachotuma nyumbani, nambari zote, na picha ya kibao cha mlangoni. Sheria za Qatar, Saudia na Emirati zinakataza mwajiri kukushikia pasipoti. Najua wapo wanaozishika. Kwa hiyo weka nakala kwenye simu na nyingine kwa mama. Polisi Qatar na Emirati ni 999. Riyadh, Jeddah na Makka ni 911. Ujerumani polisi ni 110, na 112 inafanya kazi Ulaya yote. Ubalozi wetu uko Doha, Riyadh na Abu Dhabi. Ukipiga simu ukiwa huwezi kusema uko wapi, watakaokutafuta wataanza na sifuri.

Kina mama, neno lenu ni hili. Mtoto akipiga simu akasema mama nimepotea, usilie naye, wala usimwambie nilikukataza kwenda. Muulize anaona maandishi gani ukutani. Akusomee herufi moja moja hata kama huelewi lugha, wewe andika. Kuna mama mmoja wa Mishomoroni alimtoa mwanawe Frankfurt namna hiyo, yeye amekaa kwenye mkeka na kalamu, mtoto wa jirani anaandika maneno yale kwenye ramani ya simu, na mama anamwambia kijana, sasa rudi nyuma mpaka kona uliyopita.

Bado tuna dakika chache kabla ya adhana. Mwenye barua ya kazi au ya chuo aliyokuja nayo, aitoe, tusome anwani kwa sauti, moja moja, tuone kila sehemu yake ina maana gani. Tuanze na wewe, dada, mwenye bahasha ya kaki. Soma mstari wa chini kwanza.